Kuomba Juu ya Uamuzi Mzito na Kuyatumaini Mapenzi ya Mungu: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni wa Mkristo aliye na jambo mbele yake ambalo halitasubiri milele. Ni wa mzazi wa Vihiga anayefikiria kuuza kipande cha shamba ili mtoto aende chuo, wa kijana wa Kondele aliyeahidiwa kazi Saudi Arabia na wakala aliyekutana naye juzi tu, na wa mama aliyekaa kando ya kitanda cha mtoto katika hospitali ya rufaa mjini Kisumu. Kila mmoja wao ameambiwa na watu wanaompenda kwamba aombe na amwachie Mungu. Ushauri huo ni wa kweli kabisa, lakini mara nyingi hutolewa bila maelezo, na mtu hubaki akijiuliza aombe nini hasa, kwa muda gani, na atajuaje kwamba wakati wa kuamua umefika.

Upande huu wa nchi yetu ya Kenya hauna upungufu wa maombi. Tuna kesha za Ijumaa kuanzia Nakuru hadi Busia. Wakatoliki hukusanyika kwa maelfu katika madhabahu ya kitaifa ya Bikira Maria huko Subukia kila Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, wengine hupanda Kit Mikayi kwenda kufunga na kuomba kati ya mawe yale makubwa, na Marafiki, yaani Wakristo wa kanisa la Quaker, ambao misheni yao ilifika Kaimosi mwaka 1902, wamelea vizazi vya watu wanaojua kukaa kimya mbele za Mungu. Ninaloliona likikosekana ni utaratibu wa kumvusha mwombaji kutoka kwenye kulia hadi kwenye kuamua, na kutoka kwenye kuamua hadi kwenye kutulia hata mambo yasipokwenda alivyotaka. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza hapa. Utahitaji Biblia, daftari la kawaida, peni, na mtu mmoja au wawili wa kusimama nawe. Jambo lako likiruhusu, jipe muda wa wiki mbili au tatu.

Kabla ya kuanza: tenga yaliyokwisha kufunuliwa

Kumbukumbu la Torati 29:29 hutenganisha mambo ya siri, ambayo ni ya Bwana, na mambo yaliyofunuliwa, ambayo ni yetu sisi na watoto wetu. Watu wengi huchoka katika maombi kwa sababu wanamwuliza Mungu jambo alilolijibu zamani. Paulo anawaandikia Wathesalonike waziwazi kwamba mapenzi ya Mungu ni kutakaswa kwao, na kwamba waepukane na uasherati. Sura inayofuata anawaambia wafurahi siku zote, waombe bila kukoma, na washukuru kwa kila jambo, maana hayo ni mapenzi ya Mungu kwao katika Kristo Yesu. Mika naye anasema Bwana anataka tutende haki, tupende rehema, na tuenende kwa unyenyekevu na Mungu wetu.

Kwa hiyo, kabla hujafungua daftari, liweke jambo lako mbele ya maneno hayo. Kijana anayetaka kuingia katika kikosi na ameambiwa atoe kitu kidogo ili jina lake lipite hana haja ya kufunga siku tatu akitafuta uso wa Mungu juu ya hongo hiyo. Mweka hazina wa chama anayetaka kuazima fedha za wanachama bila wao kujua, akikusudia kuzirudisha mwezi ujao, hahitaji ufunuo. Msichana anayeombea uhusiano na mume wa mtu hahitaji ishara. Katika mambo kama hayo, ombi linalofaa ni la nguvu ya kutii, wala si la mwongozo, na ninasema hivi kwa upole kwa sababu ninajua jinsi umaskini unavyoweza kumfanya mtu mwema atamani Mungu abadilishe neno lake mara moja tu.

Ukishapitia hapo na ukaona kwamba jambo lako si dhambi kwa upande wowote, basi uko kwenye uwanja wa hekima, na hatua zinazofuata ni zako.

Hatua ya kwanza: andika ombi lako kama lilivyo

Bartimayo alipoletwa mbele ya Yesu, kila mtu pale alijua kwamba ni kipofu, hata hivyo Bwana alimwuliza, "Wataka nikufanyie nini?" Sisi tumezoea kuomba kwa maneno mapana, tukisema Bwana atubariki, atufungulie milango, ainue familia zetu, kiasi kwamba hata jibu likija hatuwezi kulitambua. Andika ombi lenyewe, sababu ya kulitaka, hofu uliyo nayo, na tarehe ambayo ni lazima uwe umeamua. Ukurasa wa yule mzazi wa Vihiga ungeweza kusomeka hivi:

"Bwana, nioneshe kama niuze robo ekari ya upande wa mtoni ili kulipa karo ya mwaka wa kwanza ya binti yetu anayekwenda kusomea uuguzi. Ninaomba hivi kwa sababu amekaa nyumbani mwaka mzima, na ninamwona akikonda. Pia ninataka watu wa kanisani wajue kwamba mtoto wangu amefika chuo. Ninaogopa ndugu zangu watasema nimemaliza urithi wa baba. Chuo kinafunguliwa mwezi wa tisa, kwa hiyo lazima niwe nimeamua kabla ya katikati ya mwezi wa nane."

Tazama sentensi ile ya kutaka watu wa kanisani wajue. Ni ngumu kuiandika, na ndiyo yenye faida kuliko zote katika ukurasa huo. Yakobo anasema kwamba wengine huomba wala hawapati kwa sababu wanaomba vibaya, ili wavitumie kwa tamaa zao. Nia zetu huwa zimechanganyika. Upendo kwa mtoto na kiu ya kusifiwa hulala chumba kimoja. Kuiandika nia ile ya pili hakulifanyi ombi kuwa batili. Kunaiweka tu mbele za Mungu, mahali inapoweza kushughulikiwa, na baadaye, ukifika kwenye kuamua, utaweza kujiuliza kama ungeuza shamba hilo hata kama hakuna mtu kanisani angepata habari.

Hatua ya pili: weka saa na mahali

Hapa sina mengi. Danieli alikuwa na desturi ya kupiga magoti mara tatu kila siku, madirisha yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu, na jambo la maana pale ni ile desturi. Dakika ishirini kila siku, saa ile ile, zitakufaa zaidi ya kesha moja kubwa linalofuatwa na ukimya wa wiki mbili. Kwa anayeishi Nyalenda au Manyatta katika chumba kimoja na watu sita, faragha haipo, na si kosa lake. Wengine hutumia kanisa lililo wazi saa sita mchana, wengine njia ya kwenda kazini, na wengine ile nusu saa ya alfajiri kabla jiko halijawashwa. Ukifunga, funga kwa kiasi afya yako inachoruhusu. Mwenye kisukari, mjamzito, anayenyonyesha, na anayetumia dawa za kila siku wanaweza kufunga vitu vingine badala ya chakula, kama vile simu na televisheni.

Hatua ya tatu: omba kwa mfano wa Gethsemane

Hii ndiyo hatua ninayokusihi usiiharakishe. Katika Mathayo 26 Bwana wetu anafundisha kuomba kwa njia ambayo hotuba haiwezi kufikia, kwa sababu yeye mwenyewe yumo ndani ya uchungu. Anaanza kwa kuita "Baba yangu." Kisha anasema anachotaka bila kukifunika: ikiwezekana, kikombe hiki kiniepuke. Kisha anaongeza, "walakini si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe." Halafu anaondoka, anarudi, na Mathayo anasema aliomba mara ya tatu kwa maneno yale yale. Mwishoni anasimama na kuwaambia wanafunzi, ondokeni, twende zetu.

Kuna mafundisho yaliyoenea katika mikutano yetu ya hadhara yanayosema kwamba kuongeza "mapenzi yako yatimizwe" ni kuizima imani, kwamba mwenye imani hutamka na kupokea, na kwamba kurudia ombi ni dalili ya shaka. Siwezi kukubaliana na mafundisho hayo. Aliyeomba kwa maneno hayo ni Mwana mwenyewe, aliyafundisha katika Sala ya Bwana, naye alirudia mara tatu. Akina Shadraka, Meshaki na Abednego walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakasema kwamba hata kama si hivyo, hawataiabudu ile sanamu. Imani yao ilikuwa kubwa kuliko ile ya mtu anayehitaji uhakika wa matokeo kabla ya kusimama.

Upande wa pili kuna kosa la kimyakimya zaidi, nalo ni kuruka hadi "mapenzi yako yatimizwe" bila kuomba lolote. Mtu aliyezoea kunyimwa hujifunza kutotaka, kisha huita hali hiyo utii. Yesu hakufanya hivyo. Alitaka kikombe kiondoke, na akasema. Kwa hiyo mwambie Baba kile hasa unachokitaka, kwa machozi ikiwa yapo, kabla ya kukikabidhi.

Maneno yenyewe yanaweza kuwa mepesi. Yule mama wa pale wodini anaweza kuomba hivi, mkono wake ukiwa juu ya kifua cha mtoto: "Baba, ninataka mtoto huyu apone. Ninataka turudi naye nyumbani wiki hii, homa imwache, acheze na wenzake. Wewe unampenda kuliko mimi, na hilo ni gumu kwangu kuliamini leo, nisaidie. Kama njia yako ni nyingine, usiniache katika njia hiyo. Mapenzi yako yatimizwe kwake na kwangu. Wasaidie wauguzi wa zamu ya usiku." Kisha arudie kesho, kwa maneno yale yale ikiwa hana mengine.

Baada ya kusema, nyamaza dakika chache. Marafiki wa Kaimosi na Lugulu wanaweza kuwafundisha wengine wetu jambo hili. Kunyamaza huko hakukusudiwi kungojea sauti itoke darini. Kunaupa moyo nafasi ya kulishika tena jambo ulilolikabidhi, nawe ukigundua umelishika tena, unalikabidhi upya. Kwa wengi wetu huko kukabidhi upya ndiyo sehemu kubwa ya kazi ya wiki hizo mbili au tatu.

Jambo moja zaidi kutoka bustanini. Yesu aliwachukua Petro na wana wawili wa Zebedayo ili wakeshe pamoja naye, nao wakalala. Mtafute mtu wa kuomba nawe, lakini akishindwa usimhesabie. Usiku ule hata mitume walishindwa.

Hatua ya nne: tafuta habari na mashauri

Yakobo anaahidi kwamba mtu akipungukiwa na hekima aombe kwa Mungu, awapaye wote kwa ukarimu wala hakemei. Hekima hiyo huja mara nyingi kupitia miguu inayotembea na kinywa kinachouliza. Anayeombea kazi ya Saudi Arabia na athibitishe kwamba wakala wake amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ausome mkataba kabla ya kutia sahihi, na azungumze na watu waliokwenda na kurudi. Akiambiwa kwamba mkataba ataupewa uwanja wa ndege, maombi yake yamejibiwa hapo hapo.

Anayetaka kuuza shamba na aende ofisi ya ardhi kutafuta hali ya hati, kwa sababu katika vijiji vyetu vipande vingi bado viko kwa jina la babu aliyefariki. Ardhi ya kilimo haiuzwi kihalali bila idhini ya bodi ya ardhi ya eneo, na sheria inataka idhini ya mwenzi wa ndoa. Hapa sheria na imani zinakutana, maana sioni jinsi mwanamume anavyoweza kupiga magoti akitafuta mwongozo wa Mungu juu ya shamba huku akimficha mke wake mazungumzo na mnunuzi. Na aulize pia kuhusu mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na basari ya kaunti kabla hajasadiki kwamba njia ni moja tu. Mara nyingine tunamwomba Mungu achague kati ya njia mbili ambapo hatujatazama ya tatu.

Katika ugonjwa, tafadhali usitenganishe maombi na dawa. Eneo la ziwa lina watoto wengi wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi uitwao pia sickle cell, na mtoto huyo anahitaji dawa zake za kila siku kutoka kliniki, maji ya kutosha, na kukimbizwa hospitalini joto linapopanda, hata kama jana usiku aliombewa akachangamka. Vivyo hivyo kwa anayetumia ARV au dawa za kifua kikuu. Mfalme Hezekia alipougua hata kufa, aligeukia ukuta, akaomba na kulia, na Mungu akamwongezea miaka 15. Katika simulizi hiyo hiyo, 2 Wafalme 20, Isaya anaagiza uletwe mkate wa tini uwekwe juu ya jipu, naye akapona. Ahadi ya Mungu na dawa ya tini vilifika nyumba moja siku moja. Anayekuambia kwamba kumeza vidonge ni kukosa imani anakutaka uwe na imani ambayo nabii Isaya hakuidai.

Kwa washauri, Mithali 11:14 husema kwamba kwa wingi wa washauri huja wokovu, lakini wingi peke yake hautoshi iwapo wote ni ndugu wanaotaka kitu kimoja. Mtafute mmoja anayelijua jambo lenyewe, mmoja anayekujua wewe na udhaifu wako, na mmoja asiyepata faida yoyote kwa uamuzi wako. Mchungaji au katekista anaweza kuwa mmojawapo, na mara nyingi mwanamke mzee wa Umoja wa Akina Mama huona haraka kuliko sisi sote.

Hatua ya tano: zipime ishara, ndoto na unabii

Paulo anawaambia Wathesalonike wasitweze unabii, wajaribu mambo yote, na walishike lililo jema. Maagizo yote matatu yanatufunga. Sitaki kumdharau mtu aliyeoteshwa ndoto, maana Mungu alimwambia Yusufu wa Nazareti katika ndoto ampeleke mtoto Misri. Lakini Gideoni, ambaye ngozi yake ya kondoo hutajwa kila tunapotaka ishara, alikuwa amekwisha kuambiwa la kufanya kabla hajaitandika ile ngozi uwanjani. Aliomba ishara kwa sababu ya woga, Mungu akamvumilia. Maandiko hayatupi kisa chake kama kanuni ya kuamua nani wa kuoa au matatu gani ya kununua.

Ukiletewa neno, lipime kwa maswali mepesi. Je, linapatana na Maandiko? Je, washauri wako wakilisikia, wanaona hekima ndani yake? Je, aliyelileta anataka kitu? Hili la mwisho ninalisisitiza kwa uchungu, kwa sababu nimewaona akina mama wakituma fedha ya chakula kwa M-Pesa ili kupanda mbegu wapate kujibiwa haraka. Sadaka ni ibada, na kanisa linahitaji kutunzwa, lakini jibu la Mungu haliuzwi. Simoni wa Samaria alipotaka kununua karama kwa fedha, Petro alimwambia, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe." Ukiambiwa kwamba jibu lako limezuiliwa mpaka utume kiasi fulani, usitume, na usirudi huko.

Ukiambiwa kwamba jibu lako limefungwa na shangazi au na jirani mzee, ondoka upesi zaidi. Huko Gusii wazee wamechomwa moto hadi kufa kwa kushukiwa uchawi. Neno linalomfanya Mkristo amchukie mama mzee wa jirani haliwezi kuwa limetoka kwa Roho wa Kristo.

Kuhusu amani moyoni: Wafilipi 4 inaahidi kwamba tukimpelekea Mungu haja zetu pamoja na kushukuru, amani yake itaihifadhi mioyo yetu. Ni ahadi ya thamani, na nimeona ikitimia. Hata hivyo usiifanye amani kuwa kipimo pekee. Kuna mtu anayetulia kwa sababu tu amekimbia wajibu, kama Yona aliyelala usingizi mzito ndani ya merikebu wakati wa tufani, na kuna mtu anayetetemeka huku akiwa katikati kabisa ya mapenzi ya Mungu, kama Bwana bustanini.

Hatua ya sita: amua, kisha uende

Tarehe uliyoiandika ikifika, soma tena ukurasa wa kwanza, yale uliyoyapata, na yale uliyoambiwa. Omba kwa ufupi, kisha uamue. Huenda njia zote mbili ni njema, na katika hali hiyo uko huru mbele za Mungu. Baba mwema hamtegei mtoto wake kwa kuficha njia moja sahihi kati ya nyingi na kumwadhibu akiikosa. Matendo 16 inamwonesha Paulo akijaribu kwenda Asia akazuiliwa, akajaribu Bithinia akazuiliwa, ndipo akapata maono ya mtu wa Makedonia. Aliongozwa akiwa safarini. Hakukaa Antiokia akingojea ramani nzima.

Andika uamuzi wako kwa sentensi moja na uongeze maneno ya Yakobo, "Bwana akipenda." Maneno haya tunayasema kila siku, hata tunapoagana stendi, lakini yaandike safari hii ukimaanisha kwamba Mungu ana haki ya kukugeuza. Kisha fanya jambo la kwanza siku hiyo hiyo: piga simu kwa mnunuzi, au mwambie wakala kwamba hutakwenda, au jaza fomu. Ukianza kuuliza upya kila asubuhi kama uliamua sawa, utajichosha bure. Uamuzi uliofanywa kwa maombi ubadilishwe kwa habari mpya tu, wala si kwa hofu ya zamani.

Hatua ya saba: jibu likiwa hapana, au likikawia

Katika Warumi 15 Paulo anawasihi waamini wa Rumi wamwombee aokolewe na wasioamini wa Uyahudi, huduma yake ikubaliwe na watakatifu wa Yerusalemu, na apate kuwafikia kwa furaha na kupumzika pamoja nao. Soma Matendo kuanzia sura ya 21 uone yaliyomfuata. Alikamatwa Yerusalemu, akakaa kifungoni Kaisaria zaidi ya miaka miwili, akavunjikiwa na merikebu karibu na Melita, ndipo akaingia Rumi akilindwa na askari. Alifika. Lakini hakuna aliyeomba apelekwe kwa minyororo. Sehemu ya ombi ilijibiwa, sehemu ilijibiwa kwa umbo lisilotambulika, na Maandiko hayajaribu kutueleza hesabu yake. Wakati mwingine, kwa habari ya mwiba wake katika mwili, aliomba mara tatu uondoke, na alichopewa ni neno, "Neema yangu yakutosha."

Kwa hiyo jibu likikawia, endelea kuomba, na kila mwisho wa mwezi uuangalie upya mstari wa ombi kwenye daftari, kwa sababu mara nyingi ombi lenyewe huwa linabadilika bila wewe kujua. Aliyeanza kwa kuomba mume arudi anajikuta akiomba nguvu za kuwalea watoto bila chuki. Hakuna kushindwa katika badiliko hilo. Jibu likiwa hapana wazi, lia. Zaburi ya 13 huanza kwa kumwuliza Mungu, "hata lini utanisahau," na imewekwa katika Biblia ili iombwe. Daudi alifunga na kulala chini siku saba kwa ajili ya mtoto wake, na mtoto alipokufa aliinuka, akaoga, akaingia nyumbani mwa Bwana akasujudu, kisha akala. Watumishi wake hawakumwelewa. Huzuni ya kila mtu ina mwendo wake, wala asilazimishwe kula siku ile ile kama Daudi.

Tuwe waangalifu sana na maneno "ni mapenzi ya Mungu" kwenye matanga. Tarehe 9 Mei 2018 bwawa lilipasuka usiku huko Solai, Nakuru, na watu zaidi ya 40 wakafa majini. Kuta za bwawa hujengwa na watu na hukaguliwa na watu. Yesu alipozungumza juu ya wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, alikataa kusema kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu, na hakusema kwamba Baba aliwataka wafe. Mungu anaweza kulishika hata jambo baya na kulielekeza kwenye wema, kama Yusufu alivyowaambia ndugu zake, lakini Yusufu pia aliwaambia wazi kwamba wao walikusudia mabaya. Uzembe wa dereva, hongo ya mkaguzi, na dawa iliyoibwa zahanati visifunikwe kwa jina la Mungu. Kwa mfiwa, kaa naye, chota maji, osha vyombo, na kama ni lazima useme, sema pole.

La mwisho la kufanya ni hili: waambie wale walioomba pamoja nawe jibu ulilopata, hata likiwa hapana. Katika ibada zetu nyingi nafasi ya ushuhuda ni ya waliopona, waliopata kazi na waliofaulu mtihani, na aliyemzika mtoto baada ya siku 40 za maombi hukaa kimya kwenye benchi la nyuma akidhani imani yake ndiyo iliyopungua. Ukiwa mzee wa kanisa au kiongozi wa jumuiya, mwulize kwanza faraghani, na akikubali, mpe nafasi asimame Jumapili moja aseme, "Tuliomba, na Bwana hakutupa tulichoomba, na bado ninamwomba." Kisha kusanyiko liombe pamoja naye, bila kumtolea maelezo.